Nani Kafungulia Maji?

Jengo letu lina mwaka wake usoni, juu kabisa, chini ya ukingo wa paa: 193, halafu pengo. Tarakimu ya nne ilidondoka zamani, ikatoboa turubai la duka la vitambaa pale chini, na tangu siku hiyo wapangaji wamegawanyika. Mzee wa ghorofa ya kwanza anasema ilikuwa sita. Bibi wa ghorofa ya tatu, aliyezaliwa humu humu, anasema ilikuwa nane, na atakayebisha aende akamwulize marehemu baba yake. Wanachokubaliana ni kwamba nyumba ilisimama kabla ya vita ya Hitler, na kwamba saruji yake ilishuka bandarini kutoka melini, maana kiwanda cha Wazo kilikuja kuanza kazi mwaka 1966.

Tuko katikati ya Dar es Salaam, upande ambao wazee bado wanauita Uhindini. Wakoloni waliukata mji vipande: Uzunguni kule kwenye upepo wa bahari, Uhindini madukani, kisha uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama ukuta usio na matofali, na ng'ambo yake Kariakoo, iliyopata jina kwa kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi wa vita ya kwanza. Huku Uhindini viwanja vilikuwa finyu na biashara ilikuwa nono. Mwenye duka akijaliwa, alipanda juu: chini duka, juu familia yake, juu zaidi familia ya kaka, na chumba kimoja cha kupangisha karani. Akishamaliza, alipamba. Miale ya jua ya lipu juu ya madirisha, roshani zenye pembe za mviringo, jina la ukoo, na mwaka. Watalii husimama kule ng'ambo ya barabara wakapiga picha. Hawapandi ngazi. Wangepanda wangeona pembe za kuta zilizotiwa wekundu na tambuu ya vizazi, mita za umeme zilizorundikana hata mlinzi hajui ipi ya nani, na ndoo zetu.

Sasa niseme habari ya ndoo.

Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kutoka Tanga kula nasi sikukuu. Nyumba nimeshapiga deki, mapazia nimefua, maandazi yameumuka. Usiku wa manane nikasikia tone. Halafu tone. Nikawasha taa: dari juu ya kabati la nguo lina doa la ukubwa wa sahani. Kulipopambazuka lilikuwa sinia. Na kabati lile ndilo lenye doti zangu za kanga, zile za harusi na zile ambazo sijazifungua bado. Ajabu yake, ilipofika adhuhuri dari likakauka. Nikamshukuru Mungu, nikaanika kanga kwenye roshani. Usiku uliofuata, saa nane, tone tena.

Mume wangu ni mtu wa ofisi. Mtu mwingine angepanda juu akagonga mlango. Yeye alitoa karatasi. "YAH: UVUJAJI WA MAJI KATIKA CHUMBA CHA KULALA. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nakala kwa ghorofa ya kwanza, ghorofa ya tatu, duka la vitambaa, duka la simu na mlinzi. Mlinzi ndiye pekee aliyejibu. Alisema yake ameipata. Mwenye nyumba alipigiwa simu. Mwenye nyumba wetu yupo, ana simu, na simu yake inaita vizuri sana.

Basi nikapanda mwenyewe.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Chai kwanza, hilo halina mjadala. Nilipomaliza kikombe nikatoa dukuduku langu. Bibi hakukasirika. Alinishika mkono, akanipeleka bafuni: pakavu. Jikoni: pakavu. Tukasimama mahali penyewe, juu ya kabati langu, na pale hapakuwa na bomba wala sinki, palikuwa na magunia mawili ya mchele na cherehani. "Hapa," akasema, "palikuwa jiko la mama yangu. Kabla hawajakata nyumba."

Kukata nyumba kwenyewe ni hadithi ndefu, na bila hiyo hakuna fundi atakayewahi kuelewa mabomba yetu. Awali kila ghorofa ilikuwa ya kaya moja kubwa. Majiko na vyoo vilikaa nyuma, upande wa uchochoro, ili moshi na uchafu vitokee huko na wageni wa sebuleni wasijue. Kisha ikaja Aprili 1971. Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo: la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 likawa mali ya umma, chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilikuwa kwa majengo ambayo hayajafika miaka kumi. Nyumba ya miaka ya 30, hata ukifuata tarakimu ya bibi, ilikuwa imepita umri huo mara tatu. Wenye nyumba walioishi kwa kodi waliamka ni wapangaji, na wengi wa majirani wa bibi walifunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada. Mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilikuwepo tangu 1962. Baadaye majengo mengine yakabaki huko, mengine yakauzwa, mengine yakavunjwa yakaota minara ya vioo. Letu limepita mikono mingi, mafaili mengi na mirathi moja yenye kesi.

Lakini mimi nazungumzia ndani. Kaya moja ilipoondoka ziliingia tatu. Pakasimamishwa plaiwudi katikati ya sebule. Jiko likahamia roshani, stoo ikawa chumba cha mtoto, chumba cha ibada kikawa bafu. Aliyehama alimwachia anayeingia ufunguo, naye akapokea kilemba, na kila aliyetoa kilemba alijiona ana haki ya kutoboa ukuta. Kila mpangaji alikuja na fundi wake na bomba lake jipya. La zamani hakuna aliyelitoa. Bibi alihesabu kwa vidole: bomba la chuma la mjenzi, bomba la wakati mtambo wa Ruvu Juu umefunguliwa, mwaka 1959, maji yakawa ya kumwaga, bomba la miaka ya themanini, mji ulipokwisha kuizidi hata Ruvu Chini ya mwaka 1976, watu wakapanga madumu ngazini, na mabomba ya plastiki ya juzi, yanayopanda nje ya ukuta kutoka kwenye pampu hadi kwenye simtanki za paani.

"Sasa maji yangu yote yanatoka paani," akasema bibi. "Ya mjini hayajanifikia huku juu tangu nina meno."

Nikashuka bila mtuhumiwa.

Fundi bomba tuliyemtoa Kariakoo alikuwa kijana mpole mwenye sikio zuri. Aligongagonga ukuta kwa spana, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, humu mna bomba za watu." Akaomba ruhusa ya kufungua dari kidogo. Kidogo cha fundi mnakijua. Lipu iliporomoka na vipande vya zege nyuma yake, kitanda kikawa cheupe, na nondo zikaonekana, nyekundu, zimevimba. Akanieleza, na hili kila anayekaa nyumba kuukuu ya pwani alijue: chumvi na unyevu vikifika kwenye nondo, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Zege haliwezi kutanuka, basi hupasuka na kudondoka vipande. Anayeona ufa akauziba kwa saruji juu juu huku maji bado yanaingia, amefunika tu.

Katikati ya nondo lilipita bomba la chuma, jembamba, lenye umri wa jengo. Lilikuwa linatoa jasho.

"Funga koki," nikasema.

"Ipi?" akauliza fundi.

Hapo ndipo mume wangu alipopata alichokuwa akikitafuta: kikao. Kilifanyika ngazini baada ya magharibi, umeme umekatika, kila mtu na tochi ya simu yake. Agenda ilikuwa moja: nani kafungulia maji? Ghorofa ya kwanza wakaituhumu pampu ya ghorofa ya tatu. Duka la simu likasema lenyewe halina hata sinki. Mama mmoja akasema tuache kulumbana, jengo litatuangukia wote, na hapo pakawa kimya, kwa sababu kila mkazi wa huku anakumbuka tarehe 29 Machi 2013, Mtaa wa Indira Gandhi: ghorofa 16 zilizokuwa zinajengwa zilishuka asubuhi moja, watu 36 wakafa. Kwa wiki nyingi baada ya hapo tulikuwa tunapapasa kuta zetu kabla ya kulala. Mzee wa ghorofa ya kwanza ndiye aliyevunja ukimya. Alisema lile lilikuwa jipya.

Mama mkwe alifika kikao kikiendelea. Alipita katikati yetu na kikapu chake cha madanzi na machungwa, akasalimia, akaingia chumbani, akakuta beseni, ndoo mbili na sufuria ya pilau zimepangwa juu ya kitanda zimejaa. Akatoka. "Mwanangu," akamwambia mume wangu, "Tanga tunaambiwa Dar hakuna maji."

Ni bibi aliyetutoa. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya juu akisikiliza kikao kwa muda, halafu akauliza saa ngapi dari hutona. Saa nane usiku, nikamjibu, hadi adhuhuri. "Hayo ni maji ya mjini," akasema. "Yanapata nguvu watu wamelala." Kisha akakumbuka. Alipokuwa mtoto, maji yakikatika jikoni, mama yake alimtuma chini dukani: kamwambie babu afungue. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa na duka pale pale, na koki kuu ya nyumba nzima aliiweka nyuma ya kaunta, mahali ambapo macho yake yanafika. Mpangaji akichelewesha kodi, maji yalichelewa pia.

Tukateremka msafara mzima. Mwenye duka la vitambaa alikuwa anafunga, na akatushangaa. Ndiyo, nyuma ya majora ya satini kuna kigurudumu cha chuma ukutani. Ndiyo, kilikuwa kinamkera tangu aliposogeza rafu, kinachana vitambaa. Aliwahi kujaribu kukizungusha ili aking'oe, kikazunguka, hakikung'oka, akakiachia hapo hapo. Wakati gani? Mwanzoni mwa wiki ile ile.

Bomba lililolala tangu enzi za babu lilikuwa limeamshwa. Fundi akakaza koki, usiku ule dari halikutona, na mama mkwe akalala sebuleni kwa amani yake.

Yaliyobaki ni ya kiofisi. Mume wangu alikaa na bibi Jumamosi nzima, yeye akichora, bibi akisema, wakapata ramani ya mabomba yote manne na koki zake. Imebandikwa ngazini, na nakala zimegawiwa, mlinzi akiwemo. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo inataka vitu vya pamoja kama hivi vijulikane na visimamiwe na wote. Sisi ni wapangaji tu, lakini angalau sasa vinajulikana. Tundu la dari langu bado lipo, linamsubiri mwenye nyumba apokee simu. Wewe unayekaa nyumba ya namna hii, kama ghorofa ya juu yuko bibi aliyezaliwa humo, panda leo na daftari, na chai usikatae.

Koki yenyewe imebaki dukani. Mwenye duka hufungua saa tatu asubuhi, na Jumapili hafungui kabisa. Kwa hiyo kikao kilikubaliana, na imo kwenye muhtasari: bomba likipasuka, lipasuke siku za kazi.