Bwawa la Kupigia Picha

Ndugu yangu, majirani wamekwisha kumwaga pavingi kuanzia getini mpaka ukutani. Dawa yao ni moja tu: chimba bwawa. Waambie ni la kupokea mvua na kuwakaribisha ndege. Liseme hilo kwa sauti, hasa shemeji zako wakiwa karibu.

Kwanza, usipige hesabu. Kuna watu wachoshi watakaokueleza kwamba milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Eti bati lako la mita za mraba 100, ikinyesha milimita 50, linashusha lita 5,000! Wapuuze. Chimba linaloenea kwenye picha. Masika yakija, maji yaliyozidi yatapitia kwa jirani, naye kwa pavingi zile atayasukuma mbele. Kama unakaa Kinyerezi ndiyo raha zaidi: yanaingia Mto Msimbazi, yanakwenda kusimama Jangwani. Jangwani una nini wewe?

Pili, kingo ziwe wima, zivalishwe vigae vinavyoteleza. Ule mteremko wa mawe na matope, ambapo njiwa husimama akanywa na chura akapata pa kutokea, ni ushamba. Kalunguyeye akitumbukia usiku, amka alfajiri umwopoe kabla watoto hawajaona.

Tatu, simba. Bwawa bila simba wa zege anayetema maji ni shimo la choo. Umeme ukikatika simba atafumba mdomo, maji yatatulia, na hapo mbu wanahitaji wiki moja na kidogo tu kutoka yai hadi sikioni kwako. Wavivu huwaachia kazi kereng'ende: hutaga majini, na watoto wao hula viluwiluwi wa mbu bure, bila kudai hata nauli. Wewe una hadhi. Okota kila jani, mwaga klorini. Jua likishaimaliza nguvu, watakaowahi kurudi ni mbu. Kereng'ende wana maringo, wanataka nyasi za kupandia. Nunua dawa ya kupulizia, kopo kubwa.

Nne, mimea. Gugumaji lina maua mazuri ya zambarau na halihitaji kubembelezwa. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua vizuri.

Mwisho, lile shimo nyuma ya jiko, alipochota fundi udongo wa kujazia msingi. Halina kigae. Upande mmoja umemomonyoka, nyasi zimeota zenyewe, maji ya bati yanajikusanya humo na kunywea ardhini taratibu. Vyura wamehamia. Juzi mdiria alikaa kwenye kamba ya nguo, akachungulia, akajitosa, akaibuka na kitu mdomoni. Siku ya wageni, funika kwa turubai. Vyura wakianza, ongeza sauti ya muziki.