Hongo Kwenye Mayai: Barua Kutoka Madrid

Habari kubwa ya huku Hispania ni kwamba hongo inaliwa hadharani, tena na mayai. Vuli ya Ulaya ikiingia, migahawa huandika kwenye ubao wa mlangoni: revuelto de hongos. Mswahili mgeni akiyasoma maneno hayo husimama, akatazama kulia na kushoto kama kuna askari. Wala hakuna cha askari. Hongo kwao ni uyoga, na revuelto ni mayai ya kuvuruga. Bei imeandikwa, na risiti inatolewa.

Kihispania kina irabu tano zilezile za Kiswahili, na hapo ndipo watu wetu wanapoponzeka, kwani kila mmea unajitambulisha kama jamaa wa nyumbani. Lima si amri ya kushika jembe, ni aina ya ndimu. Haya ni mti mrefu wa misitu ya baridi kama ule wa Irati, huko Navarra. Wahaya wa Bukoba watuwie radhi. Hoja ni jani, na kwa kuwa h yao ni bubu na j yao hukwaruza koo, hutamkwa karibu na “okha”. Mbunge wa kwetu anayetoa hoja, huku angeonekana anapukutisha majani.

Pita je? Huo ni mmea wa jamii ya mkonge, unaosimama kando ya barabara za kusini, miiba mbele, na hakuna anayethubutu kupita. Asili yake ni Mexico, sawa na mkonge wetu wa Tanga ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Na ukifika huko Mexico kwenyewe, muuza matunda atakwambia “tuna”. Usimuulize mna nini: tuna ni tunda la mpungate.

Sokoni mambo huzidi. Anayeomba pera akitamani lile la kwetu lenye mbegu ngumu hupewa tunda jingine kabisa, la shingo nyembamba na makalio mapana. La kwetu linaitwa guayaba. Mzanzibari anayetaka mbatata za urojo akisema “batata” hufungiwa viazi vitamu, na urojo huo hauelezeki. Alipaswa kusema patata.

Plátano ni ndizi, hilo halina ubishi. Lakini mitaa ya Madrid na Barcelona imepandwa miti mikubwa iitwayo plátano, na mtu aliyekulia migombani hukaa chini yake akitafuta mkungu kwa macho. Atasubiri sana. Ni miti ya kivuli, huzaa vitufe vya manyoya, na majira ya kuchipua chavua yake huwapigisha watu chafya mji mzima.

Hata hivyo Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Kwetu chungwa huzaliwa na mchungwa, na huku naranja huzaliwa na naranjo: tunda jike, mti dume. Cheri ni cereza na mti wake cerezo, lozi ni almendra na mti wake almendro, mambo yanakwenda. Kisha, mwanafunzi akishaanza kutamba, unakuja mtini. Tunda lake, higo, ni dume, na mti, higuera, ni jike. Zaituni nayo huitwa aceituna ilhali mti wake ni olivo, kana kwamba mama na mwana hawajuani. Hilo aceituna limetoka kwenye Kiarabu, sawa na zaituni yetu. Waislamu walitawala sehemu za nchi hii kuanzia mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, wakaacha azafrán, ambayo ni zafarani, na jazmín, ambayo bibi yeyote wa Mombasa ataitambua kwa pua.

Darasa zuri lipo Real Jardín Botánico, bustani ya kifalme iliyoanzishwa mwaka 1755, ambako mimea ina vibao vya majina. Jirani yake ni jumba la makumbusho la Prado. Ndiyo, Prado, gari la wakurugenzi. Maana yake ni uwanda wa majani, yaani malisho.

Vibao vile havifundishi matusi, nayo mengi yamelimwa bustanini. Ukikataliwa posa, umepewa maboga. Anayekuchosha huambiwa akakaange espárragos, yaani asparaga, na jambo usilolijali thamani yake ni pilipili hoho moja. Mwenzi wako wa maisha ndiye “nusu chungwa” lako, kauli pekee ya shambani inayofaa kutumwa kwa wakwe.

Mwisho, kwa mnaotaka kumpa msafiri machungwa ya Muheza atuletee: msijisumbue. Tangu Desemba 2019, matunda mabichi ambayo abiria anaruhusiwa kuingiza Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea ni nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani tu. Komamanga nalo halimo, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi, maana kwa Kihispania linaitwa granada, na granada pia ni bomu la kutupa kwa mkono. Msafiri akiulizwa uwanja wa ndege amebeba nini, aseme “fruta”, kisha anyamaze.