Malaria ya Mwezi wa Sita

Ofisini kwetu malaria ina msimu wake, na si wa mvua. Huja wiki ya mwisho ya Juni, mwaka wa fedha unapofungwa na sisi tunapotakiwa kuingia stoo kuhesabu viti, mafaili na majembe ambayo hakuna anayekumbuka yalinunuliwa kwa kazi gani.

Mwaka jana ilimpata mwenzangu wa meza ya pili. Alipiga simu alfajiri kwa sauti ya mtu anayeusia watoto. Mkuu akampa pole, kisha akamwambia alete ED, ile karatasi ya daktari ya kumruhusu kupumzika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Zamani ulimweleza daktari kwamba kichwa kinagonga na viungo vimelegea, ukatoka na dawa na siku za kupumzika. Siku hizi unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na baada ya kama robo saa unatokea mstari mmoja tu. Umeumbuka.

Basi akaamua kuugulia nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, ila inataka cheti cha daktari. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na majirani.

Jirani haulizi cheti, anakuja. Kufikia saa nne mama mwenye nyumba alikuwa ameshachemsha mwarobaini, akasimama palepale mlangoni mpaka kikombe kikaisha. Shangazi mtu akafika kutoka Mbagala na uji usio na sukari. Sisi tulipotoka stoo, vumbi hadi kwenye kope, tukachanga, tukanunua machungwa, tukaenda kumjulia hali. Tulimkuta ndani ya mablanketi mawili, Dar es Salaam hii hii, jasho linamtiririka, na shangazi anatuonyesha lile jasho kwa furaha: homa inashuka! Machungwa tukayala wenyewe, maana mgonjwa hana hamu ya kula. Naye anayasindikiza kwa macho, kipande kwa kipande.

Jioni wakaja wanakwaya kumwombea. Kwa adabu ikabidi apate nafuu kidogo baada ya kila wimbo.

Kesho yake alimtangulia mlinzi kazini. Majembe tulikuwa tumemwachia.

Nawe msomaji, ikikulazimu kuugua, chagua wiki ya kabla ya mshahara. Hakuna mwenye nauli ya kuja kukuona.