Sato Hana Daktari

Ng'ombe wa Misungwi ana josho, kuku ana chanjo ya kideri. Sato wa kizimbani hapa Mwanza ana nini? Ana mkopo. Tangu Rais Samia azindue ugawaji wa vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo hapa jijini Januari 2024, bei ya chakula cha samaki tunaijua kwa kichwa. Dalili za ugonjwa je? Akielea tumbo juu, tunasingizia upepo. Mwaka 2018 watafiti waliripoti vinasaba vya kirusi cha sato katika samaki wa Ziwa Victoria, upande wetu na wa Uganda. Hakikuonyesha pasipoti popote. Tukikaa ukumbini kujadili sera ya afya ya sato, mhusika mwenyewe hualikwa: yupo mezani, kakaangwa mzima, na kipande cha ndimu ubavuni.