Jinsi ya Kuchagua Kamera Bila Kupiga Picha

La kwanza, usiwe na sababu. Mtu mwenye sababu ya kununua kamera huharibu mambo mapema. Atasema anataka kuwapiga picha wanawe wakicheza mpira jioni, au bibi yake kule Korogwe akiwa bado anawatambua wajukuu. Muuzaji anayeijua kazi yake atamjibu kwa dakika 5, biashara imekwisha. Asiye na sababu anaweza kuchagua mwaka mzima. Mimi nilichagua kwa miezi 11, na katika muda huo wote sikupiga picha hata moja. Ningepiga kwa simu ya nini, na kamera iko njiani?

Ukishajihakikishia kwamba huna sababu, ingia kwenye megapikseli. Kijiweni hakuna anayeuliza picha zako zinatokaje. Wanauliza kamera ina megapikseli ngapi, na hapo ndipo heshima inapogawiwa. Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak huko Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3 na ushee, ilitoa picha ya nukta 10,000 tu, tena nyeusi na nyeupe, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha hiyo moja kwenye kaseti. Masikini Sasson, hakuwa na kijiwe cha kumzomea. Leo winga wa Kariakoo anaona haya kukutajia kitu chini ya nukta milioni 24.

Ukipenda kuharibu starehe unaweza kupiga hesabu. Televisheni ya sebuleni, ile inayoitwa Full HD, inaonyesha nukta milioni 2 na kidogo. Picha ya ukubwa wa A4, ya kutiwa fremu na kuning'inizwa juu ya kochi, ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, haifiki hata milioni 9. Lakini hesabu za namna hii ni za watu wanaochapa picha. Wewe dai milioni 45, kisha watumie ndugu zako kwa WhatsApp, zibanwe njiani mpaka zilingane na za simu ya mtoto wa jirani.

Suala la chapa halihitaji utafiti. Canon na Nikon ni Simba na Yanga: ulizaliwa upande mmoja, au rafiki yako wa kwanza mwenye kamera alikuvuta, na baada ya hapo unatetea tu. Sony amekuja baadaye kama Azam, ana vifaa vya kisasa na pesa, na watu wazima bado wanajifanya hawamwoni. Jambo la maana kidogo hapa ni kwamba lenzi za upande mmoja hazivai upande wa pili, kwa hiyo hununui kamera peke yake, unaoa ukoo. Ukilijua hilo kabla ya kununua utaanza kuuliza rafiki zako wana lenzi gani za kuazima. Usiulize.

Sasa nenda Kariakoo. Nenda Jumamosi, saa saba mchana, jua la utosi. Hujafika hata makutano ya Msimbazi na Uhuru, winga ameshakuona. Winga hana duka. Ana macho, ana miguu, na anajua duka la kila mtu.

"Bosi, simu? Laptopu? Kamera?"

Ulipokonyeza jicho kwenye "kamera" ndipo ulipouzwa. Mimi nilipandishwa ghorofa tatu, nikaambiwa nisubiri penye ngazi, na baada ya robo saa jamaa akarudi na kitu kimefungwa kwenye taulo dogo la uso, la bluu, lenye alama ya pasi pembeni. Akalikunjua taratibu kama mtu anayefunua mtoto mchanga.

"Hii ilikuwa ya mzungu mmoja," akasema, na sauti ikashuka kidogo kwenye neno mzungu. "Alikuwa anapigia wanyama tu, Serengeti huko. Haijatumika."

Niliitazama. Mpira wa mahali pa kushikia ulikuwa umebandukana na kubandikwa tena kwa gundi, na kidole changu kilipopita kiliokota uzi wake mweupe uliokauka. Kitufe cha kufyatulia kilikuwa kinang'aa kama chuma cha kushikilia mlangoni mwa daladala. Huyo mzungu, kama alikuwapo, aliwapiga picha nyumbu wote, mmoja mmoja, wakati wa kwenda Masai Mara na wakati wa kurudi. Kamera za ngazi ya chini hutengenezwa zikikadiriwa kufyatua mara 100,000 hivi kabla pazia lake la ndani halijachoka, na katika kamera nyingi, za Nikon hasa, hesabu ya mifyatuo hujiandika ndani ya kila faili la picha. Ukipiga picha moja hapo dukani na kuifungua kwenye kompyuta kwa programu ya bure, utaisoma kama unavyosoma kilomita kwenye dashibodi ya gari lililotoka Japani. Tofauti ni kwamba kilomita za gari kila fundi anajua kuzirudisha nyuma. Mimi sikusoma. Niliogopa kumwonyesha winga kwamba simwamini.

"Na hii, bosi, sensa yake kubwa."

Nikawakumbuka makarani wa Agosti 2022 waliotuhesabu nyumba kwa nyumba, nikaitikia kwa kichwa. Kumbe alikuwa anasema kile kibati cha ndani kinachopokea mwanga. Kile kikubwa kina milimita 36 kwa 24, sawa na fremu moja ya filamu za zamani, na kile kilichomo kwenye kamera nyingi za wanaoanza hakifiki nusu ya eneo hilo. Kadiri kilivyo kikubwa ndivyo kinavyovumilia giza. Kisha akanitolea nyingine, mpya, akaniambia hiyo ndiyo habari ya mjini siku hizi, haina kioo. Nikaigeuza nyuma, nikakiona kioo kimekaa vizuri, hakina hata ufa, nikamwona mwongo. Kioo alichokisema ni kile cha ndani kilichokuwa kinaupeleka mwanga kwenye tundu la kuchungulia; kamera mpya zimekitoa, zikawa nyepesi, na betri zake zikawa zinaisha kabla keki haijakatwa.

Akanijaribishia ile ya taulo kibarazani, akaielekeza barabarani kwenye jua. Ilitoa picha safi ajabu. Saa saba mchana mjini Dar es Salaam hata kopo la maziwa lililotobolewa kwa sindano linatoa picha. Mnunuzi mwenye kiherehere angemwomba jamaa ashuke chini ya ngazi, kule kwenye maboksi, akampiga yeye mwenyewe usoni gizani, akatazama. Alianzia milioni moja na nusu, tukamalizana kwa laki 9. Memori kadi ya GB 64 akanipa bure. Kadi hiyo ilikuwa na GB 8. Zile nyingine zilikuwa zimeandikwa tu, na picha zilizozidi hapo zilipotea kimya kimya huku kamera ikiniambia kila kitu ni shwari.

Kwenye lenzi unatakiwa kuwa makini, yaani uwe makini usielewe. Lenzi zina namba za tundu, na namba hizo zinakwenda kinyume: ndogo ndiyo kubwa. Mtanzania hana sababu ya kubabaika hapa. Ni matokeo ya kidato cha nne. Pointi 7 nyumbani wanachinja kuku. Pointi 34 mtoto anakwenda kwa mjomba kwanza. Lenzi yenye 1.8 ina tundu pana, inakunywa mwanga. Yenye 22 inachungulia. Ile lenzi inayokuja na kamera, ya 18–55, ukiivuta mpaka mwisho inabaki na 5.6. Ile fupi isiyovutika, ya milimita 50 yenye 1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwenye kila ukoo, inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hiyo. Lakini itazame ilivyo. Fupi, nyepesi, haichomozi. Nani atakupisha njia ukiwa na kitu kama kikombe cha kahawa? Nunua ndefu. Nilinunua ndefu.

Kuna watu ambao ni bora usiwasome katika kipindi hiki. Mmoja ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia hapa hapa Dar. Alianza utotoni na Box Brownie ya mtumba, kisanduku tu chenye lenzi, na alipofika mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilikuwa zimeitikisa dunia. Ukimsoma Amin kabla ya kwenda Kariakoo unaweza kurudi nyumbani na nauli yako yote.

Hatimaye ilifika siku ambayo kamera yangu ilihitajika. Mjomba alipiga simu kuhusu sendofu ya binti yake. Hakuuliza kama ninajua kupiga picha. Aliuliza kama ile kamera bado ninayo. Kamati ilikuwa imelipia MC, mapambo na keki ya ghorofa nne, na kwenye mstari wa mpiga picha paliandikwa jina langu, mbele yake sifuri.

Ukumbi ulikuwa na taa za zambarau na za kijani zinazozunguka. Shangazi watano waliingia na zawadi kichwani, wanacheza, kanga moja, wimbo umepamba moto, na mimi nimepiga goti mbele na lenzi yangu ndefu. Kamera, kwa kukosa mwanga, iliacha pazia lake wazi muda ambao shangazi mmoja aliutumia kwenda kulia, kurudi, na kutunzwa elfu kumi ya usoni. Walitoka kama moshi wa ubani: rangi zipo, kanga inasomeka nusu, sura hamna. Nikawasha flashi ndogo ya juu ya kamera. Hiyo inafika mita chache tu, kwa hiyo meza ya mbele ikang'aa kama imemwagiwa maziwa, na nyuma yake wageni 200 wakawa giza tupu.

Halafu bwana harusi mtarajiwa, kijana mweusi wa kupendeza, akasimamishwa mbele ya pazia jeupe. Kamera zinafanya kazi kwa imani moja: kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Ikiona weupe mwingi inaogopa, inapunguza mwanga, pazia linakuwa la kijivu na uso wa kijana unakuwa kivuli chenye meno. Ikiona weusi mwingi inaongeza, na suti nyeusi inatoka kama ya kukodi. Dawa yake ni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa: pazia jeupe, jumlisha, suti nyeusi imejaza picha, toa. Kwenye kamera yangu kiko karibu na kidole gumba, na kwa miaka miwili nilidhani ni cha sauti.

Picha iliyopo leo juu ya kochi la shangazi, kwenye fremu ya dhahabu, ilipigwa na mtoto wa jirani kwa simu yenye ufa. Alikuwa amesimama juu ya kiti, karibu na taa ya mlangoni. Nilipokwenda kusalimia niliitazama kwa muda.

"Shikamoo shangazi. Hii nani kapiga?"

"Marahaba baba. Ah, katoto tu haka ka hapa. Zako tunazisubiri."

Baada ya hapo nilifuata ushauri wa kuitunza kamera. Niliifungia kwenye mfuko wa ngozi, nikaiweka kabatini nyuma ya mashuka, penye giza na joto, nikasahau. Sisi watu wa pwani tunajua kinachokipata kiatu katika hali hiyo, ila kwa kamera tunategemea adabu zaidi. Baada ya masika mawili niliielekeza lenzi kwenye balbu, nikaona ndani yake nyuzi nyembamba zimetandaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui mvivu. Huo ni ukungu, na kwa nje haufutiki. Wenye akili huweka kamera kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, au huiacha mahali penye hewa na mwanga na kuitumia mara kwa mara. Hilo la mwisho silipendekezi, limeshawaingiza wengi katika kupiga picha.

Bado hujamaliza, maana kamera ya kwanza huwa ni ya kujifunzia kuchagua ya pili. Hapo ndipo umuhimu wa boksi unapoonekana. Mimi boksi langu nililinunua peke yake, Kariakoo, elfu 15. Juzi nilitangaza kwenye kundi la mtaa, na jana jioni akaja kijana wa chuo, mpole, ana hamu usoni. Nilimkaribisha kibarazani, juani. Nikaleta kile kitu ndani ya taulo lake la bluu, nikalikunjua taratibu. Akakigusa kitufe cha kufyatulia, akakitazama kilivyong'aa.

"Imetumika sana, kaka?"

"Hii?" nikasema, na nikajikuta nashusha sauti. "Nilikuwa napigia maua tu."