Nyumba Hii Haiuzwi

Ukitaka kuisoma Dar es Salaam, simu iache mfukoni, tembea kwa miguu. Kuta zinaongea. Juzi Kariakoo nilikuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu: "NYUMBA HII HAIUZWI. MATAPELI KAENI MBALI." Nyumba yenyewe paa limebonyea, dirisha limezibwa kwa gunia. Sijui nani aliiulizia bei. Hatua kumi mbele: "USIKOJOE HAPA. FAINI 50,000." Chini ya maandishi, ukuta mbichi, bado unanuka. Mtoza faini sikumwona. Labda alikuwa ametoka kumaliza haja.

Nikateremka hadi Mtaa wa Samora kumjulia hali Askari, ile sanamu ya shaba. Tangu 1927 kakamata bunduki yake yenye singe, kaielekeza bandarini, wala hajaomba likizo. Kabla yake hapo alisimama Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipoingia wakamng'oa. Kumbe hata wa shaba huhamishwa kituo.

Nikiwa nimekodoa macho, muuza kahawa akanigutua:

"Mzee, hujawahi kumwona huyo?"

"Nimemwona mara nyingi."

"Basi sogea kidogo, unaniziba wateja."