Shangazi Spana na Pampu ya Tatu

Wiki hii nina barua tatu, zote za Mpanda, zote zinanuka petroli. Majina nimeyaficha kama kawaida, ingawa mji wenyewe ni huu huu na Impreza ya buluu yenye bomba la moshi kama sufuria ya ubwabwa haifichiki.

*Shikamoo Shangazi. Nina Subaru Impreza WRX, mtumba wa Japani, turbo kubwa, ekzosi imefunguliwa. Ndani ya miezi saba niko kwenye pampu ya mafuta ya tatu. Ya kwanza ilikuja na gari. Ya pili niliagiza Kariakoo, laki mbili na nusu, nikaletewa kwa basi. Ya tatu laki tatu na themanini, nikaambiwa hii ndiyo Walbro yenyewe ya lita 255 kwa saa. Zote tabia moja: mjini gari inatembea, nikienda Sitalike nikakanyaga, inakosa pumzi, inajikwaa, inazima. Juzi imenizimia hifadhini. Mzee mmoja kaniambia mzimu wa Katabi haupendi makelele. Nitoe sadaka? – Niliyekwama, Makanyagio.*

Marahaba, mwanangu. Katabi mwache. Ana mkwaju wake kule ziwani na watu wake wanaompelekea zawadi. Angekuwa anachukia kelele angeanza na malori.

Nikuulize kitu. Unaweka mafuta ya shilingi ngapi? Nawajua vijana wa turbo: stika ya elfu hamsini, petroli ya elfu kumi. Sikulaumu sana. EWURA wakitangaza bei kikomo kila mwezi, sisi tulio mbali na bandari jicho linakwenda moja kwa moja kwenye namba zinazouma. Lakini umeshapita Sitalike mwezi wa kumi ukatazama Mto Katuma? Umewaona viboko walivyobanana kwenye kidimbwi cha tope, migongo imekauka juani, kila mmoja amemnunia mwenzake? Pampu yako ni kiboko. Inakaa ndani ya tenki, imezama kwenye petroli, na petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza. Ukishinda na taa ya mafuta inawaka, pampu yako inaishi Oktoba mwaka mzima.

Hata hivyo, hiyo huiua pampu polepole. Yako haifi, inazimia. Ikipumzika kidogo gari linawaka tena, si ndiyo? Kutoijua tofauti hiyo kumekula laki sita na thelathini zako.

Pampu kubwa inakula umeme kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani, na wewe umeiwekea nyaya zile zile nyembamba, zenye umri wa kuoa. Halafu gari lina alamu ya wizi, au nimekosea? Hizi zetu nyingi zikifungwa, fundi anaukata waya wa pampu chini ya dashibodi, anaupitisha kwenye kirilei kidogo ili mwizi asifike mbali, anasokota kwa vidole na kuzungushia tepu. Mjini huoni kitu. Ukikanyaga, turbo ikadai mafuta, pampu inadai umeme, pale kwenye tepu panapata moto, umeme unapungua, mafuta yanapungua. Mwizi uliyemkusudia hajaja. Anayeibiwa gari kila Jumamosi njia ya Sitalike ni wewe.

Kabla hujatuma hela tena Kariakoo, azima mita kwa fundi umeme. Inua kiti cha nyuma, upande wa kulia, kuna kifuniko cha bati. Pampu iko chini yake. Injini ikiwa inanguruma, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya pampu. Betri ikisoma 14 na pampu ikasoma 11, umeshamkamata mchawi. Pampu ivutiwe waya mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi na rilei yake, na waya wa hasi ukwanguliwe rangi pale unapofungwa kwenye bodi. Na usivute sigara ukiwa umefunua tenki. Naandika kwa sababu nimeona.

Baada ya hapo kagua soksi, lile chujio dogo linalovaliwa na pampu miguuni. Ukikuta tope, kumbuka petroli za chupa ulizonunua barabarani. Vinasaba vinawekwa kwenye mafuta nchini tangu 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasichanganywe kwenye petroli na dizeli. Ndiyo enzi iliyotupa neno uchakachuaji, ambalo wanasiasa nao wakalidandia. Lakini vinasaba haviwezi kukwambia lile dumu jana lilibeba nini.

Kabla hujapima, usikanyage. Injini ya turbo ikinyimwa mafuta huku inasukumiwa hewa, moto wake unapanda hadi pistoni zinatoboka. Hapo utaikumbuka bei ya pampu kwa upendo. Na wakikuuzia Walbro ya kughushi, maana ziko nyingi duniani, kuirudisha Kariakoo ni zaidi ya kilomita 1,000.

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu amebadilika. Kwenye simu yake nimekuta ujumbe: "Walbro ameshafika, yuko ofisi ya basi, tuma iliyobaki na ya kutolea." Kabla ya huyo kulikuwa na mwingine, naye wa Kariakoo. Jumamosi karudi usiku, ananuka mafuta, shingoni ana alama nyekundu tatu. Nikimuuliza anasema gari. Hela ya mabati ya jiko imekwisha. Huyu Walbro ni kabila gani? – Mwenye Mashaka, Makanyagio.*

Marahaba, mama. Siri za wasomaji wangu sizitoi, kwa hiyo nitasema kwa jumla tu. Walbro ni mfupi, wa bati, hana shingo wala nywele, na anaishi chini ya kiti cha nyuma. Huyo hakuachishi ndoa.

Alama za shingoni ni mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na rangi zinazowavuta zaidi ni buluu na nyeusi; ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa mtu mzima ameendesha mtego wa turbo hadi hifadhini, ukamzimikia, akashusha vioo kwa joto. Shukuru zilikuwa tatu.

Hela ya jiko ni kesi nyingine, na hapo simtetei. Weka sheria: hakuna pampu mpya inayoingia kwenye gari kabla ile ya zamani haijaletwa nyumbani, ukaiona kwa macho yako.

*Shangazi, kuna mteja wa Impreza nimemfungia pampu mbili. Zile mbili nilizotoa nilimwambia zimekufa. Jana nimezigusisha kwenye betri hapa mezani, zote zinalia kama cherehani. Kuna mtu wa Tabora anaitaka moja. Niuze? – Kijana wa Gereji, Kawajense.*

Salamu umesahau, mwanangu, lakini dhamira imekusumbua, nimekusamehe. Kwanza, pampu haijaribiwi kavu, wala cheche za betri hazikai meza moja na kitu kilichotoka kwenye tenki. Pili, kulia si kusukuma. Zifunge geji ya presha ndipo useme ni nzima. Ulipaswa kuifunga siku ile ya kwanza, kabla hujamtuma mwenzio Kariakoo.

Usiuze. Zikaushe vizuri, zifunge kwenye gazeti, uzipeleke Makanyagio umkabidhi mama mwenye nyumba, baba akiwa hayupo. Akiuliza ni nini, mwambie ndio wale wa kabla ya Walbro.